Besi ya "Sikuiti"

Kila aliyemjua Chiriku alijua kwamba mwanamke huyo anaujua wimbo wa "Sikuiti" kuliko anavyoijua namba yake mwenyewe ya simu. Ameuimba miaka ishirini na miwili: harusini, hotelini, kwenye mahafali, mbele ya mawaziri na mbele ya walevi, akiwa na mafua, akiwa na mimba ya miezi minane, na siku moja akiwa amevunjika kidole cha mguu baada ya kuangukiwa na spika. Ukimwamsha usingizini ukamwambia "ubeti wa pili," ataanza ubeti wa pili kabla hajafumbua macho. Ndiyo maana yaliyomkuta yanamtia haya kidogo, na angekuwa na uwezo yasingesimuliwa.

Yalianza Alhamisi asubuhi, kwa simu ya fundi cherehani mmoja anayeitwa Mama Mbwa. Jina hilo hakujipa. Alipewa na watu wa mtaani kwake, na wala si kwa heshima, alipookota mbwa wa tano jalalani. Walipofika kumi na wanane aliona hakuna haja ya kugombana nalo, akaliandika mlangoni kwa rangi, chini ya maneno "Tunashona Sare za Shule."

"Wewe ndiye dada wa yule marehemu mpiga besi?" aliuliza, hata habari za asubuhi hakuna.

"Ndiye mimi."

"Haya. Mbwa wake bado yuko kwenye ile nyumba. Anaishi uani, chini ya tangi la maji. Mwezi wa tatu huu. Amebaki mifupa, na hakubali mtu. Nimemtegea kizimba, nimempelekea maini, nimelala kifudifudi kwenye tope kama mwizi, wapi! Na Jumatatu watu wa manispaa wanapita mtaa ule na bunduki zao, kuua mbwa wasio na wenyewe. Sasa nataka kwako kitu kimoja tu. Marehemu alikuwa anamwitaje?"

Chiriku hakujua mbwa anaitwaje. Hakujua hata kama kaka yake alimnunua, alipewa, au alimwokota. Kwa miaka miwili hakukanyaga nyumba ile, na siku alipoikanyaga, mwenye kujua majibu alikuwa keshazikwa.

Tusimfichie. Miaka miwili nyuma, mazoezini, mbele ya bendi nzima, Chiriku alisema kwamba kinanda kinaweza kupiga besi, na kwamba jukwaa limejaa watu mno. Kaka yake akajibu taratibu, kama kawaida yake, kwamba kinanda hakisikilizi mtu. Chiriku, ambaye mdomo wake hutangulia miguu, akasema: "Kaka, hakuna mtu aliyewahi kurudi nyumbani akipiga mluzi wa besi." Bendi ikaangua kicheko. Kaka yake alichomoa waya wa gitaa, akauviringisha kwenye kiwiko vizuri bila fundo, akaaga mmoja mmoja, akaenda zake. Chiriku alingoja kaka yake apige simu, maana ndiye mkubwa. Naye kaka huenda alingoja apigiwe, maana ndiye aliyekosewa. Walitoka tumbo moja, na ukaidi waligawana sawa kwa sawa. Kisha moyo ukamsimama kaka siku moja akitoka kununua mkate, na suala la nani ampigie nani likaishia hapo.

Mazishini Chiriku aliimba. Watu walisema hajawahi kuimba vile, na yeye mwenyewe alijua ni kweli. Wiki iliyofuata mwenye nyumba akataka nyumba yake, basi akaenda na lori na binamu wawili wakahamisha vitu kwa siku moja. Mbwa alisimama uani akitazama vitanda, viti na masanduku yakipita mbele yake. Mwishoni mmoja wa binamu akauliza, "Na huyu?" Chiriku akasema, "Majirani watamwona. Mbwa hakosi pa kula." Akafunga geti. Kwenye upenyo wa geti aliyaona macho ya yule mnyama, akageuka, akapanda lori. Dereva alikuwa akipiga honi, na kwa miezi mitatu Chiriku amekuwa akijiambia kwamba kosa lilikuwa la ile honi.

"Nakuja," alimwambia Mama Mbwa.

*

Mchana ule walikutana getini. Mama Mbwa alikuwa mfupi, mpana, na pini mbili zimechomekwa kwenye kola ya gauni, maana alikuwa ameacha shati la mtu kwenye mashine. Ufunguo wa geti alikwishaupata kwa mwenye nyumba kwa kumsumbua mpaka akachoka. Waliingia, wakazunguka nyuma.

Uani palikuwa na mlango wa jikoni wenye kizingiti kipana cha saruji, na hatua kama kumi mbele yake, tangi la maji juu ya msingi wa matofali. Chini ya msingi mwashi aliacha tundu. Ndani ya tundu mlikuwa na giza, na ndani ya giza, macho mawili.

"Mbwa wengi," Mama Mbwa alinong'ona, "wanaofukuzwa hukasirika. Huyu hajafukuzwa. Ameachwa. Wa kuachwa hungoja, na anayengoja hali maini ya mtu mwingine."

Chiriku alilisikia neno lile "ameachwa" mahali pabaya. Ila yeye si mtu wa kukosa la kufanya. Alitoa simu, akaweka kispika chake kidogo juu ya tofali, akaruhusu "Sikuiti" ipasue anga, ile waliyorekodi mwaka jana. Tundu halikutikisika. Akazima, akakohoa, akasimama kama anavyosimama jukwaani, akaimba mwenyewe. Aliimba vizuri. Watu wa nyumba ya mbele walifungua dirisha. Kutoka chini ya tangi ulisikika mngurumo, kisha mchakacho wa mnyama anayejisogeza ndani zaidi.

Ni mara ya kwanza katika maisha yake Chiriku kuimba akangurumiwa, na kwa kweli ilimuuma.

"Hata mimi siujui huo," ilisema sauti juu ya ukuta. Alikuwa jirani, mzee fundi saa, miwani kwenye paji la uso.

"Huujui? Mzee wangu, huu ni 'Sikuiti'! Kaka yangu aliupiga maisha yake yote!"

"Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka tisa, mwanangu. Redio sina, inanichanganya na milio ya saa. Kaka yako alikuwa anakaa hapo kwenye kizingiti kila saa kumi, na gitaa lake bila umeme, asitusumbue. Mwanzoni nilidhani ni bomba la maji. Linakwenda dum, halafu dum-dum, halafu chini. Huyo mbwa alikuwa anakuja mbio akisikia. Kuitwa sijasikia akiitwa hata siku moja. Lakini huo wako, wa juu juu huo, haukuwahi kupigwa katika nyumba hii."

Wanawake wawili walitazamana.

"Basi mpigie hiyo dum-dum," alisema Mama Mbwa.

Chiriku akafumba macho. Alijaribu kuusikia wimbo kichwani na kuteremka chini yake, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Akaisikia ngoma. Akalisikia gitaa la kwanza, tarumbeta, waitikiaji, akajisikia yeye mwenyewe, tena kwa wingi. Besi hakuisikia. Miaka ishirini alisimama mbele ya kaka yake, hatua mbili, na hakuweza kukumbuka hata bari moja, hata kipande kimoja cha mapigo machache. Na ile rekodi ya mwaka jana ilikuwa ya kinanda, kwa amri yake mwenyewe.

*

Vitu vya kaka vilikuwa stoo kwake, kwenye masanduku aliyoapa kuyafungua wiki ijayo tangu wiki ile. Gitaa la besi lilikuwemo, halikupata mtu wa kulichukua. Na chini ya mashati lilikuwemo daftari kubwa la noti, limeandikwa kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa wa mistari mitano mitano. Bendini walikuwa wakimtania kwa daftari lile. Chiriku ndiye aliyeziita noti zake wadudu: "Kaka, wadudu wako wanasemaje leo?" Wanamuziki wote wale walipiga kwa sikio, na kusoma noti kulionekana ni kama kwenda na mwavuli siku ya jua.

Sasa alihitaji mtu wa kusoma wadudu. Aliyemjua ni mmoja tu.

Wifi yake alifundisha muziki katika chuo cha ualimu, na aliachana na kaka yake miaka kumi na mmoja iliyopita bila kelele. Talaka ilivunja ndoa, uwifi haikuugusa: bado waliitana wifi, bado walichokozana. Ijumaa alipotoka darasani alimkuta Chiriku amekaa kwenye benchi la ukumbini, gitaa mapajani, macho mekundu.

"Makubwa!" alisema wifi. "Chiriku chuoni. Umekuja kujiandikisha?"

"Wifi, usinicheke. Nisomee." Akamsimulia habari za mbwa, hata lile geti.

Wifi alifungua daftari, akapekua mpaka "Sikuiti," na uso ukambadilika kidogo alipouona mwandiko. Alivuta kiti.

"Hili nalo sikio la nani?" Chiriku aliuliza, akiweka kidole kwenye alama ya kwanza kabisa.

"Huo ni ufunguo wa besi. Unakwambia hii mistari ni ya sauti za chini. Ni kweli, unafanana na sikio. Ungekuwa nalo tusingefika hapa."

"Haya, nimestahili. Endelea."

"Mimi nitasoma, kupiga utapiga wewe."

"Mimi? Kabla ya Jumatatu? Piga wewe, wifi yangu, mimi nitakubebea gitaa."

"Mimi mtu wa kinanda. Na tena," wifi alimtazama juu ya miwani, "sikumfungia geti mimi."

Chiriku akapiga moyo konde, akaweka vidole juu ya nyuzi nene zile, akaanza. Noti zilikuwa sita tu, zinazokwenda na kurudi, na zile nyuzi zilimla vidole mpaka akatoka malengelenge. Lakini sikio lake lilikuwa zima, na baada ya saa moja dum ilianza kuwa dum. Wifi alimwonyesha noti nyeupe inayokaa na noti nyeusi inayopita, na jinsi mstari wa wima unavyofunga bari moja na kufungua nyingine. Chiriku aliona kwamba kumbe si wadudu. Ni kama mtu ameandika hatua za mguu.

Kando ya noti palikuwa na maneno madogo ya penseli. Chiriku aliyasoma mwenyewe, hayo hayakuhitaji mwalimu. *Dada anavuta pumzi hapa, shikilia.* Na chini kidogo: *Hapa huchelewa, mngoje.*

"Mimi sichelewi!" aling'aka.

"Hapa ameongeza mapigo mawili ambayo hayakutakiwa," alisema wifi. "Ona. Kila ubeti wa pili. Hujawahi kuchelewa kwa sababu alikuwa anakungoja."

Chiriku alikumbuka kwamba tangu kinanda kishike besi, ubeti wa pili humkwaza, na kwamba amemgombeza mpiga ngoma kwa hilo mara tatu.

Mwisho wa ukurasa palikuwa na bari nne zisizo na noti. Katika kila moja kulikuwa na kikofia kidogo cheusi kinachoning'inia kwenye mstari, na juu ya vikofia, noti ndogo ndogo kama zimeandikwa kwa sindano.

"Vikofia ni kimya," wifi alieleza. "Besi haipigi. Bari nne nzima."

"Na hizi ndogo?"

"Hizo haziguswi. Mpigaji anayenyamaza huandika sauti ya mwenzake kwa noti ndogo, ili ajue wakati wa kurudi." Wifi aliziimba kwa sauti ya chini, polepole. Zilikuwa ni yeye, Chiriku. Ni pale pale bendi yote hunyamaza akabaki peke yake na maikrofoni, *sikuiti, sikuiti, ila nipo*, pale ambapo watu hupiga vigelegele. Na haikuwa sauti ya mwimbaji yeyote. Ni yeye hasa, na kale kamkunjo anakokaweka kwenye *nipo*, na ile pumzi anayoiba kabla yake.

"Ameandika lini hii?" aliuliza.

Wifi aligeuza daftari. Tarehe ilikuwa pembeni juu. "Mwaka jana, mwezi wa nane."

"Mwaka jana alikuwa ameshatoka bendini. Alikuwa anampigia nani?"

Wifi alichukua penseli, akaanza kuichonga, ingawa ilikuwa kali tayari.

*

Jumamosi saa kumi walikuwa uani wote: Mama Mbwa kando ya ukuta na kamba mkononi, wifi na daftari, fundi saa juu ya ukuta wake. Chiriku alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, gitaa pajani, bila umeme. Akaanza.

Sauti ilikuwa ndogo, ya kifuani zaidi kuliko ya masikioni. Kwenye bari ya tano kitu kilisogea chini ya tangi. Kwenye bari ya tisa kilitokea kichwa: rangi ya majani makavu, sikio moja limepasuka. Mama Mbwa alishika mdomo wake. Mbwa alitoka mzima mzima, mbavu zinahesabika, akasimama. Hatua moja. Vidole vya Chiriku vilikwenda. Ubeti wa pili akangoja yale mapigo mawili. Mbwa akapiga hatua nyingine, na nyingine, mkia uko chini lakini ncha yake inacheza. Akafika katikati ya ua.

Zikaja bari nne.

Chiriku alinyamazisha nyuzi kwa kiganja, kama alivyofundishwa, na bila kutaka, bila hata kujua, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, akafungua mdomo akaimba: "*Sikuiti, si*..."

Mbwa aliruka kama amemwagiwa maji ya moto. Kufumba na kufumbua alikuwa tena chini ya tangi, na kutoka humo hakutoka, ingawa Chiriku alirudia besi ile mpaka damu ikachuruzika kidoleni na jua likashuka nyuma ya ukuta.

"Nilijua kabisa kwamba nisiimbe," alisema, akilia kwa hasira. "Wifi, nilijua. Mdomo umefunguka wenyewe."

"Ungekuwa mpiga ngoma usingefanya," wifi alisema, si kwa ukali. "Mwimbaji tu ndiye anayeona nafasi tupu akadhani ni yake."

"Lakini ni yangu! Hapo ni pangu!"

"Jukwaani ni pako. Hapa kizingitini, kila siku saa kumi, hapo palikuwa kimya. Mbwa anajua wimbo kuliko wewe."

Chiriku alijifuta uso kwa mgongo wa mkono. Ilibaki Jumapili. Aliogopa, na alisema kwamba anaogopa: si bunduki za manispaa tu, bali kwamba huenda kweli hawezi kunyamaza bari nne hata kwa kuokoa roho ya kiumbe. Na kama hawezi, basi yule mbwa atakuwa ameuawa mara mbili na mtu mmoja.

Mama Mbwa alifikiri kidogo. Kisha akapekua mfuko wa gauni akatoa kifungo, kile cha koti, kikubwa, cheusi.

"Sisi mafundi tukishona tunashika pini kwa midomo. Ndiyo maana chumba changu hakina umbea. Pini sitakupa, utajichoma. Shika hiki. Ukifungua mdomo, kinaanguka."

*

Jumapili fundi saa hakupanda ukutani, akisema akiwepo atapiga chafya. Mama Mbwa na wifi walijibana nyuma ya pembe ya nyumba. Chiriku alikaa peke yake, kifungo midomoni, vidole vimefungwa plasta, akijiona mjinga kuliko alivyowahi kujiona, na hakujali.

Alianza polepole kuliko jana. Mbwa alichelewa. Wimbo ulipita ubeti wa kwanza wote, na tundu bado jeusi. Kisha kichwa kikatokea. Safari hii Chiriku hakumtazama. Aliangalia nyuzi, akahesabu. Mbwa alikuja kwa kuzunguka, akipita kando ya ukuta, akisimama, akija, akisimama. Katikati ya ua, mahali pale pale pa jana, aliketi akangoja kama mtu aliyekwisha kudanganywa mara moja.

Bari nne.

Chiriku alinyamazisha nyuzi. Akakibana kifungo. Kichwani, bila sauti, alizifuata zile noti ndogo moja baada ya moja, na kwa mara ya kwanza alijisikia kutoka mahali alipokuwa akikaa kaka yake: nyuma, hatua mbili, mikono haina kazi, akimsikiliza. Bari ya kwanza. Mkono wake wa kulia, ule wa kupiga nyuzi, haukujua pa kukaa, ukateleza ukaning'inia kando ya goti. Bari ya pili. Alisikia kucha juu ya saruji. Bari ya tatu, kitu chenye baridi kikamgusa kiganja, kisha chenye joto, na kichwa kizima cha mbwa kikajisukuma chini ya mkono wake kwa nguvu, kama kinachoingia mahali pake pa siku zote.

Hapo alielewa, na wifi kule pembeni naye alielewa, maana ilisikika pumzi yake ikikatika. Bari nne ndizo zilizokuwa za mbwa. Katika wimbo wote, ni hapo tu mkono wa kaka ulipokuwa huru. Kila siku saa kumi alikaa kwenye saruji hii, akanyamaza pale dada yake anapoimba, akamsikia kichwani mwake na kale kamkunjo kake, na huku akimkuna mbwa masikio. Hakuwa amemfuta dada yake. Alikuwa amemwandika upya kwa noti ndogo, akampa nafasi yake, akamngoja.

Chiriku alimkuna. Nyuma ya sikio lililopasuka palikuwa na vumbi na kupe, akakuna hapo hapo. Machozi yalimshuka yakafika kwenye kifungo, na kifungo hakikuanguka. Bari ya nne ilipoisha alikuwa hana haja ya kurudi kwenye nyuzi, lakini alirudi, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa, na mbwa akajilaza kando ya mguu wake mpaka noti ya mwisho. Mama Mbwa alikuja kwa magoti, akamvisha kamba. Mbwa alimtazama tu.

"Amekubali," Mama Mbwa alinong'ona. "Tumempata. Simama taratibu, tumtoe."

Chiriku alitema kifungo, akasimama. Mbwa naye akasimama. Lakini hakuelekea getini. Aligeukia mlango wa jikoni uliokuwa nyuma yao, wenye kufuli ya mwenye nyumba, akaweka pua kwenye upenyo wa chini, akavuta harufu kwa muda mrefu. Kisha akakaa, akautazama mlango, na mkia ukaanza kufagia saruji. Besi imekwisha. Sasa mwenye besi atoke.

Mama Mbwa, aliyezoea mengi, alitazama pembeni.

Chiriku alikaa tena chini. Mazishini aliimba na hakulia. Nyumbani alisema "marehemu" kama wanavyosema redioni. Kwa miezi mitatu alitumia maneno yote isipokuwa moja. Alishika uso wa yule mbwa kwa mikono yote miwili, akaugeuza kwake.

"Hayupo," alimwambia. "Kaka hayupo. Hatoki."

Akalia kwa sauti, sauti mbaya isiyofaa jukwaani, na wifi akaja akakaa upande wa pili. Mbwa alimsikiliza Chiriku, masikio mbele. Alitazama mlango mara moja tena. Kisha akazunguka, akajilaza pale pale kizingitini, kidevu juu ya kiatu cha Chiriku, na Chiriku hakuuondoa mguu mpaka ulipokufa ganzi.